Toka Operesheni Vijiji hadi Msomera: Nani Kasema Dhulma Imekwisha?

Sifa zote njema anastahiki Allah (S.W.), Mola Mlezi wa viumbe vyote, aliyeiharamisha dhulma juu ya nafsi Yake kisha akaiharamisha baina ya waja Wake. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba zake.

Ama baada ya hayo. Ijumaa moja hapa Korogwe, watu walipokwisha kuswali, ulizuka ubishi katika baraza ya msikiti. Mzee mmoja alisema kwamba zama za chama kimoja hapakuwa na mambo haya ya watu kuteremshwa kwenye basi na kutoonekana tena. Kijana mmoja akamjibu: “Babu, zama zenu mlihamishwa na jembe mkononi, na hapakuwa na wa kuuliza. Sisi leo tuna Katiba, tuna mahakama, tuna vyama.” Sauti zikapanda, imamu akawaomba watawanyike, wakatawanyika. Lakini suala lenyewe halikutawanyika nao. Tangu siku ile limekuwa likirudi katika darsa, katika misiba na katika vijiwe vya kahawa: ni utawala upi uliodhulumu zaidi, ule wa mkono wa chuma au huu unaojiita wa kidemokrasia?

Tunadai katika makala hii kwamba mzee na kijana wote wawili wameshika nusu ya kweli, na kwamba kila mmoja anaitumia nusu yake kuusitiri uovu anaoupenda.

Tuanze na zama za mzee. Mwaka 1962, mwaka mmoja tu baada ya uhuru, Bunge lilipitisha Sheria ya Kuweka Watu Kizuizini. Kwa sheria hiyo Rais aliweza kumfunga mtu bila mashtaka, bila kesi na bila ukomo wa muda, na mahakama ikazuiwa kuhoji. Sheikh Hassan bin Ameir, aliyekuwa miongoni mwa wanazuoni wakubwa wa Tanganyika, alikamatwa mwaka 1968 na kurejeshwa kwao Zanzibar. Mwezi Desemba mwaka huohuo jumuiya ya EAMWS ikapigwa marufuku na BAKWATA ikaundwa. Abdulrahman Babu, aliyekuwa waziri, alikaa gerezani tangu mwaka 1972 hadi 1978. Hao ni watu wenye majina. Wasio na majina hawakuandikwa popote.

Kisha ikaja amri ya Novemba 1973, kwamba ifikapo mwisho wa mwaka 1976 kila mkazi wa shamba awe amehamia kijijini. Ndani ya miaka michache mamilioni ya watu walihamishwa nchi nzima. Hapa kwetu Handeni na Korogwe, muulize mzee yeyote wa Kizigua au wa Kisambaa aliyekuwa na akili zake wakati ule, atakuonesha kwa kidole lilipokuwa kaburi la babu yake, na mwembe alioupanda baba yake, na umbali uliopo baina ya mwembe ule na nyumba aliyolazimishwa kuijenga kando ya barabara. Tunakiri kwamba shule, zahanati na mabomba ya maji yalifika katika baadhi ya vijiji hivyo, na atakayekanusha hilo atakuwa amesema uongo. Lakini tunauliza: aliyekataa kuhama alikuwa na mlango gani wa kubisha? Mahakama haikuwa na Hati ya Haki ya kumsomea, kwa kuwa hati hiyo iliingizwa katika Katiba mwaka 1984 na ikaanza kutumika mahakamani mwaka 1988. Magazeti yalikuwa ya chama na serikali. Mbunge alikuwa wa chama, na mwenyekiti wa kijiji alikuwa wa chama. Hata msikiti, baada ya mwaka 1968, ulijifunza kunong’ona.

Basi mzee wetu anaposema kwamba zama zile kulikuwa na amani, huenda anachokikumbuka ni ukimya.

Na wa kwetu je?

Wapo miongoni mwetu wanaodhani kwamba mtawala wa mabavu akiwa na jina la Kiislamu basi dhulma yake ni siasa tu, na anayeitaja ni kibaraka wa maadui. Ugonjwa huu lazima tuuseme kwa jina lake, nao ni asabiya. Zanzibar, baada ya mwaka 1964, ilitawaliwa na mtu mwenye jina la Kiislamu, juu ya raia ambao takribani wote ni Waislamu. Huko ziliundwa mahakama za wananchi ambamo mshtakiwa hakuruhusiwa wakili. Huko, mwaka 1970, mabinti wenye asili ya Kiajemi waliozeshwa kwa nguvu, wazazi wao wakilia. Ni kadhi gani, katika madhehebu gani, aliyewahi kuisahihisha ndoa ya namna hiyo? Na huko Iraq, mwaka 1988, Saddam Hussein aliwamiminia gesi ya sumu Wakurdi wa Halabja, Waislamu wanaoelekea kibla kimoja nasi, wakafa wapatao 5,000. Miaka michache baadaye baadhi ya misikiti yetu ilikuwa ikimwombea dua ya ushindi kama kwamba ni Salahuddin.

Allah (S.W.) ametuamrisha katika Surat An-Nisaa, aya ya 135, tusimamishe uadilifu na tuwe mashahidi kwa ajili Yake, hata kama ushahidi huo unatuumiza wenyewe, au wazazi wetu, au jamaa zetu. Aya haikumtoa Karume, wala Saddam, wala kiongozi wa jumuiya yetu wenyewe.

Demokrasia na kinyago chake

Sasa tumgeukie kijana. Yeye anaamini kwamba sanduku la kura ni dawa ya dhulma. Tunamuomba atembee kidogo tu hapa Korogwe, katika mashamba ya mkonge yaliyovuta manamba toka kila pembe ya nchi. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, serikali ya kikoloni iliwaandikisha watu kwa nguvu wafanye kazi katika mashamba ya mkonge ya Tanganyika. Serikali hiyo ilikuwa ya nani? Ya Uingereza, yenye bunge kongwe, magazeti huru na majaji waliovaa mawigi. Demokrasia ilikuwa ya kwao London. Kwetu ilifika ikiwa na kipande na kodi ya kichwa. Na Kenya, tarehe 3 Machi 1959, katika kambi ya Hola, wafungwa 11 walipigwa marungu hadi wakafa chini ya bendera hiyohiyo. Ilibidi ingojewe miaka zaidi ya 50, hadi mwaka 2013, ndipo serikali ya Uingereza ilipokubali kuwalipa wahanga 5,228 wa mateso ya zama za Mau Mau.

Wala tusidhani kwamba hayo ni ya mabibi na mababu tu. Mtanzania mwenzetu, Suleiman Abdallah Salim, alikamatwa Mogadishu mwaka 2003, akakabidhiwa kwa Wamarekani na kupelekwa Afghanistan. Huko aliteswa katika magereza ya siri ya shirika la ujasusi la nchi inayojiita kinara wa uhuru duniani. Aliachiwa mwaka 2008 bila kushtakiwa kwa kosa lolote.

Na lipo gereza moja karibu na Baghdad, Abu Ghraib, ambalo kwetu ni ushahidi mkubwa kuliko vitabu vingi. Humo Saddam aliwatesa na kuwanyonga Wairaq kwa miaka mingi. Akaja Mmarekani mwaka 2003 kwa madai ya kuwakomboa Wairaq, akalifungua gereza lilelile, na mwaka 2004 dunia ikaziona picha. Kuta zilikuwa zilezile. Tofauti ipo, nasi hatutaificha. Walioteswa na Saddam hawakupata hata pa kuandika malalamiko. Walioteswa na Wamarekani walifungua kesi mwaka 2008 dhidi ya kampuni ya CACI, na mwezi Novemba 2024 baraza la wazee wa mahakama katika jimbo la Virginia liliamuru watatu kati yao walipwe dola milioni 42. Ni miaka 16 tangu kesi ifunguliwe na 20 tangu mateso yenyewe. Mlango ulikuwepo, ila bawabu wake alikuwa amelala, na yeye analala anapotaka.

Tofauti hii, ndugu Waislamu, ndiyo tunayotaka muishike, maana ndiyo inayotupeleka nyumbani Handeni. Tusiulize serikali inajiitaje. Tuulize: aliyedhulumiwa leo anaweza kufanya nini kesho asubuhi?

Vyama vingi vilirejeshwa tarehe 1 Julai 1992. Tume ya Jaji Nyalali ilikwisha kuzitaja sheria 40 kandamizi, ikiwemo ile ya kuweka watu kizuizini, na kutaka zifutwe au zirekebishwe. Mwaka huohuo wa 1992, Bunge lilitunga sheria iliyozifuta haki za kimila za ardhi katika vijiji vilivyotokana na Operesheni Vijiji, na kuwazuia wenye haki hizo kwenda mahakamani. Ama kweli hii ni ajabu: mlango wa vyama unafunguliwa na mlango wa hakimu unafungwa. Ni baba mmoja na mwanawe, wakulima wa Kambi ya Simba huko kaskazini, waliokataa. Kesi yao ilifika Mahakama ya Rufani, na mwaka 1994 Jaji Mkuu Nyalali na wenzake wakaamua kwamba ardhi ya kimila ni mali inayolindwa na Katiba, na kwamba mtu hawezi kunyang’anywa bila fidia ya haki wala kufungiwa mahakama. Mkulima wa mwaka 1974 asingeipata hukumu hiyo hata angekuwa na mawakili kumi. Kijana wetu ana haki ya kujivunia hili.

Lakini asijivunie mno. Tarehe 13 Februari 1998 risasi za polisi ziliwaua Waislamu Mwembechai, na kitabu alichokiandika Profesa Hamza Njozi kuhusu mauaji hayo kikapigwa marufuku. Tarehe 26 na 27 Januari 2001, Unguja na Pemba, waandamanaji walipigwa risasi; shirika la Human Rights Watch lilihesabu waliouawa kuwa si chini ya 35. Masheikh wa Uamsho walikaa rumande miaka zaidi ya saba chini ya sheria ya ugaidi ya mwaka 2002, hadi Juni 2021 mashtaka yalipofutwa, na hakuna jaji aliyewahi kuwatia hatiani. Sasa mtu aeleze: kizuizini bila kesi na kesi isiyosikilizwa, kwa mwenye kulala sakafuni, vina tofauti gani? Rais wa zama zile alitia saini amri ya kizuizini. Leo husemwa kwamba upelelezi haujakamilika.

Na tusisahau kwamba Sheria ya Tawala za Mikoa ya mwaka 1997 inampa mkuu wa mkoa na mkuu wa wilaya mamlaka ya kuamuru mtu ashikiliwe kwa saa 48. Mtu huyo hakupigiwa kura na yeyote, ameteuliwa. Hii ni desturi ya bwana shauri wa kikoloni iliyovishwa shati jipya.

Septemba 2024, Ali Mohamed Kibao, kiongozi wa chama cha upinzani, aliteremshwa na watu wenye silaha kutoka kwenye basi alilopanda Dar es Salaam kuja Tanga, akapatikana maiti. Basi lile lilikuwa lipite Mkata, Kabuku na Segera, njia ambayo sisi sote tunaipita. Rais alilaani na kuagiza uchunguzi. Kisha siku ya uchaguzi mkuu wa tarehe 29 Oktoba 2025 na siku zilizofuata, raia waliuawa kwa risasi, intaneti ikazimwa nchi nzima, na Dar es Salaam ikawekewa amri ya kutotoka nje. Ubishi wa idadi ya maiti hauwafufui. Nafsi moja iliyouawa bila haki, kwa hukumu ya Qur’an, ni kama watu wote.

Msomera, mlangoni petu

Kuanzia Juni 2022 serikali ilianza kuwahamishia wafugaji wa Ngorongoro katika kijiji cha Msomera, wilayani Handeni. Mpango ulikuwa kuwahamisha watu zaidi ya 82,000. Kila kaya iliahidiwa nyumba ya vyumba vitatu katika ekari mbili na nusu, na ekari tano za shamba. Iliitwa hiari. Lakini hiari ya aina gani, ilhali huko walikotoka huduma za afya na elimu zilikuwa zikipunguzwa? Mwenye kuzimiwa taa kisha akaulizwa kama angependa kuhamia penye mwanga, hakuchagua.

Na Msomera haikuwa ardhi tupu. Palikuwa na wakulima na wafugaji wenye mazizi, mashamba na makaburi. Taarifa ya Human Rights Watch ya Julai 2024 ilinukuu malalamiko ya wenyeji kwamba ardhi yao ilikatwa na kugawiwa wageni bila ridhaa yao na bila fidia. Tena wale wageni wenyewe hawana kosa. Ni wahamishwaji waliowekwa juu ya wanyang’anywa. Wajukuu wa Operesheni Vijiji wameiona operesheni nyingine, safari hii ikiwa na bendera za vyama vingi.

Hata hivyo angalieni yaliyotokea Ngorongoro Agosti 2024. Serikali ilipotoa tangazo la kufuta vijiji na kata zao, Wamaasai kwa maelfu walikaa barabarani kwa siku kadhaa, kesi ikafunguliwa Arusha, na mahakama ikasimamisha tangazo lile. Desemba Rais mwenyewe akakutana nao na kuahidi tume mbili. Hilo lisingewezekana mwaka 1974. Lilipatikana kwa sababu walitoka wote, wake kwa waume, na walikuwa na wa kuwasemea. Wenyeji wa Msomera walikuwa wachache, na majirani zao walinyamaza.

Majirani hao ni nani? Ni sisi. Misikiti ya Handeni mjini, ya Mkata, ya Kabuku, ya Korogwe na ya Mombo ilisikia. Tulilia, na tulikuwa na haki ya kulia, kwa Mwembechai na kwa masheikh wa Uamsho. Ni hotuba ngapi za Ijumaa zilizomtaja mtu wa Msomera? Mmoja wa ndugu zetu aliulizwa akajibu kwamba wengi wa wale si Waislamu. Subhanallah! Mtume (S.A.W.) ametuonya kwamba anayenyang’anya ardhi hata ya shibiri moja atavishwa shingoni ardhi saba Siku ya Kiyama, na hakusema kwamba shibiri hiyo iwe ya Muislamu.

Wapo wengine, na baadhi yao ni wanafunzi wetu wazuri, wanaosema kwamba demokrasia ni mfumo wa kikafiri na haki za binadamu ni wimbo wa Wazungu, basi tusijiingize. Hao tunawakumbusha Hilful Fudhul. Makureshi, wakiwa bado washirikina, walikutana katika nyumba ya Abdallah bin Jud’an wakaapa kumsaidia kila aliyedhulumiwa Makka hadi apate haki yake. Mtume wetu alihudhuria akiwa kijana, na baada ya kupewa Utume alisema kwamba lau angeitwa tena katika kiapo kile ndani ya Uislamu angeitika. Hakuuliza itikadi ya walioapa. Aliangalia walichoapia.

Na anayetaka mizani ya utawala bora asihangaike kuitafuta Washington wala Beijing. Imepokewa katika vitabu vya historia kwamba Sayyidna Umar (R.A.) alitaka kuupanua Msikiti wa Mtume, na nyumba ya Abbas (R.A.) ikawa njiani. Abbas akakataa kuiuza. Umar alikuwa Amirul Muuminina, mwenye majeshi Shamu na Iraq, na haja yake ilikuwa ya umma, tena ya msikiti! Hakutuma askari. Walikwenda wote wawili kwa Ubayy bin Ka’b awahukumu, na Ubayy akahukumu kwa Abbas. Umar akakubali. Ndipo Abbas, baada ya haki yake kuthibiti, alipoitoa nyumba ile sadaka kwa hiari yake. Hiari huja baada ya mtu kuweza kusema hapana.

Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inayo chembe ya hayo. Eneo la kijiji linalotaka kuhaulishwa likiwa halizidi hekta 250, Mkutano wa Kijiji ndio unaoidhinisha au kukataa. Likizidi hapo, uamuzi unapanda kwa waziri. Yaani kadiri wanavyochukua kikubwa ndivyo sauti ya mwenye mali inavyopungua! Kasoro hii tuipigie kelele. Lakini hata ile nusu tuliyopewa hatuitumii. Mkutano wa Kijiji unatakiwa ukae walau kila baada ya miezi mitatu, na maimamu wangapi kati yetu wamewahi kuhudhuria mmoja?

Tunazitaka kamati za misikiti ya Handeni na Korogwe zifanye mambo mawili kabla ya Ramadhani. La kwanza, kila msikiti uwe na daftari: atakapokamatwa mtu wa mtaa huo, awe Muislamu au asiwe, iandikwe saa aliyochukuliwa, kituo alichopelekwa na jina la aliyetoa amri, na watu watatu waende kituoni siku hiyohiyo. Aliyekamatwa kwa amri ya mkuu wa mkoa au mkuu wa wilaya asipofikishwa kwa hakimu ndani ya saa 48, sheria yenyewe inataka aachiwe. Waende wakaseme hivyo. La pili, darsa moja kwa mwezi isomwe sheria ya ardhi, kifungu kwa kifungu, kwa Kiswahili, akina mama wakiwepo.

Yule mzee wa barazani na yule kijana wote wawili wana ardhi katika kijiji kimoja. Tumewaomba waende pamoja katika mkutano ujao wa kijiji na wamtake mwenyekiti asome muhtasari wa mikutano yote iliyogawa ardhi tangu mwaka 2020, kwa sauti, pamoja na majina ya waliotia saini.